Lita Nane, Sekunde Thelathini

Maandishi ya hotuba niliyoitoa Kigoma mjini katika Siku ya Watoto Njiti Duniani, 17 Novemba. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, isipokuwa pale nilipojirudia mno.

Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na wazee wangu wa Kiha, mwakeye.

Mshereheshaji kanipa dakika ishirini, halafu kaniangalia kwa jicho la mtu aliyewahi kuumizwa na madaktari kwenye maikrofoni. Harufu ya maandazi mnaisikia kama ninavyoisikia mimi. Kwa hiyo sitawasalimu mara ya pili.

Nimeombwa niseme juu ya mpira wa kupumulia na oksijeni kwa mtoto mchanga. Nitaanzia ziwani.

Mimi nimekulia Katonga. Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi, na mara nyingine wavu ulikuwa unanasa kwenye mawe ya chini. Ukinasa, mtu anazama kuunasua. Ziwa letu mnalijua, huko katikati linapita mita 1,400 kwenda chini, ila pale karibu na ufukwe tunazungumzia mita nne au tano. Hata hivyo Baba Mdogo hakuzama hovyo. Alikaa kwanza kwenye ukingo wa mtumbwi akavuta pumzi polepole mpaka kifua kikajaa. Kisha alijifunga kamba kiunoni, ncha ya pili akampa mtu wa mtumbwini, na kazi ya mtu huyo ilikuwa kuhesabu. Haongei na mtu, hapangi samaki, anahesabu. Ikifika hesabu waliyokubaliana, anavuta kamba, hata kama aliyeko chini amebakiza fundo moja tu. Siku moja nilimuuliza, baba, kwa nini usijihesabie mwenyewe? Akacheka. "Mwanangu, anayenasua wavu hana hesabu. Akili yote iko kwenye fundo."

Mshikeni huyo mtu wa kamba, nitamrudia.

Sasa twende chumba cha kujifungulia. Wazazi, nianze kwa kuwatoa wasiwasi: watoto wengi hawana haja na mpira. Katika kila 100 wanaozaliwa, kama 85 wanaanza kupumua wenyewe ndani ya nusu dakika, na kelele zao mnazijua. Kumi hivi wanaitikia wakishakaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo. Watano hivi wanahitaji kupulizwa kwa ambu, ule mfuko wa kubonyeza wenye kinyago kinachofunika pua na mdomo. Wanaofikia kuwekewa mpira kooni ni wawili au pungufu. Kwa njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, hesabu ni nyingine, na kadiri alivyo mdogo ndivyo inavyozidi kubadilika, maana mapafu yake hayana bado ule ute unaozuia vifuko vya hewa visishikamane kila anapotoa pumzi.

Mpira wenyewe ni mwembamba mno. Chukua kalamu ya kawaida ya dukani, toa ule mrija wa wino wa ndani, uangalie. Ni karibu na hapo. Kwa mtoto wa chini ya kilo moja, tundu la mpira ni milimita 2.5. Wa kilo moja hadi mbili, 3. Zaidi ya kilo mbili, 3.5. Kitu cha namna hiyo unatakiwa ukipitishe kati ya nyuzi mbili za sauti za mtoto anayetosha kwenye viganja vyako viwili. Unafungua mdomo kwa laringoskopu, kile chuma chenye taa cha kutazamia koo, unausogeza ulimi pembeni, unakinyanyua kidakatonge kinachofunika njia ya hewa, na hapo, kama mate hayajakuziba na mkono haujatetemeka, unaliona lango. Nyuma yake kidogo kuna lango la pili, la chakula. Ukiingia hilo, unalijaza tumbo upepo huku mapafu yakisubiri.

Wauguzi wanaoijua kazi hii naona wanatikisa vichwa. Wanajua ninapoelekea. Ili laringoskopu iingie mdomoni, kinyago cha ambu lazima kiondoke usoni. Na kikiondoka, kwa utaratibu wa hospitali nyingi duniani, tajiri na maskini, hakuna kingine kinachowekwa mahali pake. Mtoto ambaye tatizo lake ni kupumua tunamwondolea pumzi ili tumtengenezee njia ya pumzi. Tumemzamisha.

Atakaa chini ya maji muda gani? Mtu mzima mwenye afya, akivutishwa oksijeni safi kwanza, anaweza kufika dakika nane hivi kabla damu yake haijaanza kuishiwa. Mtoto mchanga hana hata robo ya muda huo. Kwa kila kilo ya mwili wake anatumia oksijeni mara mbili ya mtu mzima: mililita 6 hadi 8 kwa dakika, wakati mimi na wewe tunatumia 3 au 4. Matumizi makubwa, ghala dogo. Ghala la njiti lenyewe linavuja. Ndiyo maana miongozo ya kuokoa watoto wachanga inampa fundi anayeweka mpira sekunde 30 kwa kila jaribio. Zikiisha, toa, mpe mtoto pumzi kwa ambu, jipange upya.

Mwaka 2022, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti kutoka hospitali mbili za Melbourne, Australia. Wale madaktari waliuliza swali ambalo Baba Mdogo angeliuliza: kwani mdomo ukiwa na kazi, pua ina kazi gani? Pua iko wazi. Wakachukua vijibomba viwili laini, wakavipachika puani kabla laringoskopu haijaingia mdomoni, wakapitisha hewa yenye oksijeni, iliyopashwa joto na kutiwa unyevu, kwa kasi ya lita nane kwa dakika. Vijibomba vikabaki puani muda wote fundi anapotafuta lango. Watoto wa kundi la pili walihudumiwa kwa njia ya kawaida, yaani bila chochote puani. Nani aingie kundi gani iliamuliwa kwa bahati nasibu, asije daktari akachagua watoto wepesi. Walikuwa watoto 202, na mpira uliwekwa mara 251, kwa kuwa wengine waliwekewa zaidi ya mara moja. Uzito wa katikati wa watoto hao ulikuwa gramu 920. Mfuko wa unga wa kilo moja unawazidi wengi wao.

Wakahesabu mara ngapi mpira uliingia kwa jaribio la kwanza bila mtoto kuyumba, yaani bila oksijeni ya damu kuporomoka kwa zaidi ya asilimia 20 na bila mapigo ya moyo kushuka chini ya 100. Waliokuwa na vijibomba puani, ilifanikiwa mara 62 kati ya 124, nusu kamili. Wasiokuwa navyo, mara 40 kati ya 127, asilimia 31.5. Kwa hesabu ya mganga: ukiwafanyia hivyo watoto sita, mmoja wa ziada anapita salama kwa mara ya kwanza ambaye vinginevyo asingepita.

Kwangu mimi kuna namba nyingine inayosema zaidi. Ukiacha suala la kuyumba, ukauliza tu kama mpira uliingia kwa jaribio la kwanza, waliokuwa na vijibomba ni asilimia 68.5, wengine 54.3. Sasa vijibomba vya puani haviongezi taa kooni, wala havimfundishi mtu kushika laringoskopu. Mimi ninavyoisoma namba hiyo, vilimpa fundi utulivu. Mashine ya kupima oksijeni ya damu haikulia mapema, mkono haukuharakishwa na hofu, fundo likafunguka. Ni maoni yangu hayo, msiwasingizie wao.

Na kabla hatujawapigia makofi, tazameni upande wa pili wa ile nusu. Melbourne, kwenye wodi zenye kila kitu, hata kwa msaada huo, nusu ya majaribio mpira haukuingia mara ya kwanza au mtoto aliyumba. Nawaambia hivi vijana wa vyuo mlioko nyuma hapo, siku mkono ukikataa msije mkadhani mmezaliwa na mikono mibaya. Kazi yenyewe ni ngumu.

Inafanyaje kazi? Nitapita haraka, maana mshereheshaji kashaanza kusogea. Damu inapopita mapafuni inachukua oksijeni nyingi, na hewa ya ukaa inayorudishwa, kama kifua hakipandi wala kushuka, ni kidogo mno kwa sababu kubwa yake inabaki imeyeyuka mwilini. Kinachotoka ni kingi kuliko kinachoingia, kwa hiyo vifuko vya hewa vinakuwa kama chupa iliyofyonzwa, vinavuta vyenyewe kilichoko kooni. Kilichoko kooni kikiwa ni oksijeni, ndiyo inayoingia. Juu ya hapo, mtiririko wa puani unayasukuma mapafu kidogo yasisinyae. Ila oksijeni ikiingia namna hiyo, hewa ya ukaa haitoki, inajilimbikiza. Umenunua muda tu. Umemjaza Baba Mdogo kifua, hujampa mapezi ya samaki.

Sasa naomba wauguzi wa vituo vya afya, wa Uvinza, wa Buhigwe, wa Kakonko, mliotoka mbali, mnisikilize kuliko mlivyonisikiliza tangu nianze.

Msirudi vituoni mkafungua mtungi lita nane.

Narudia, kwa sababu najua habari inavyosafiri. Nikisema hapa lita nane, ikifika Kibondo itakuwa "daktari kasema lita nane." Zile lita nane zilitoka kwenye mashine maalumu inayochanganya hewa na oksijeni, inayopasha joto, inayoleta unyevu, na vijibomba vilivyopimwa visizibe tundu lote la pua ili hewa iwe na pa kutokea. Zilikuwa za dakika chache, mtu akiwa amesimama hapo hapo. Mtungi wetu unatoa oksijeni tupu, kavu na ya baridi. Ukimfungulia mchanga lita nane kwa mirija ya kawaida, unaukausha utando wa pua, unamtia baridi, na hujui ni shinikizo gani unalolipeleka kwenye mapafu yanayoweza kupasuka. Kwa oksijeni ya kawaida ya puani, Shirika la Afya Duniani linatutaka tubaki kwenye nusu lita hadi lita moja kwa dakika kwa mtoto mchanga. Nusu hadi moja. Na sipapu ya mapovu, ile ya kusukuma hewa puani yenye chupa ya maji, ni kifaa kizuri ajabu lakini si mashine ileile, na utafiti ule haukuipima. Pia watoto waliohitaji mpira kwa dharura ya papo hapo hawakuingizwa. Sitawaambia zaidi ya kilichopimwa.

Kuna sababu ya kuogopa oksijeni inayomwagwa bila kipimo, na kwa bahati ya ajabu inatoka mji uleule. Miaka ya 1940 hospitali za nchi tajiri zilianza kuwalaza njiti kwenye visanduku vya joto vilivyojaa oksijeni. Watoto wakapona, halafu wakaonekana hawaoni. Mwaka 1942 daktari Terry wa Marekani aliuandika ugonjwa huo wa macho. Kwa miaka kadhaa watu walitafuta mchawi kila kona. Mwaka 1951 daktari wa watoto wa Melbourne, mwanamke, Kate Campbell, akaeleza alichokiona: pale oksijeni ilipotolewa kwa wingi, upofu ulikuwa mwingi, na pale ilipobanwa, ulikuwa mchache. Tafiti zilizofuata zikamthibitisha. Mishipa midogo ya macho ya njiti inavurugwa na oksijeni iliyozidi. Maelfu ya watoto walikuwa wameshapoteza macho. Basi dunia ikaogopa, ikaibana oksijeni kwelikweli, na njiti waliokuwa wanaihitaji wakaanza kufa. Ndiyo maana leo hatuongozwi na huruma wala na hofu, tunaongozwa na kile kidude cha kubana kwenye mkono, kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu. Njiti aliye kwenye oksijeni tunataka asome 90 hadi 95. Akisoma 100 huku anapewa oksijeni, mama, usifurahi. Mwite muuguzi apunguze.

Na aliyezaliwa sasa hivi? Huyo tumvumilie. Tumboni alikuwa anaishi na asilimia 60 hivi. Dakika ya kwanza kusoma 60 hadi 65 ni sawa, dakika ya tano 80 hadi 85, na mpaka dakika ya kumi ndipo anafika 85 hadi 95. Nimewahi kuona mtoto mzima wa afya akiwekewa oksijeni kwa sababu tu aliyempima alikuwa na haraka.

Nirudi kwa mtu wa kamba. Hapa nitajisema mwenyewe.

Nilikuwa daktari wa mafunzo, katika hospitali moja ambayo si ya mkoa huu na sitaitaja. Usiku, njiti wa kilo moja na kidogo, anachoka kupumua. Bosi wangu yuko chumba cha upasuaji. Nikajipa moyo. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja muuguzi, amebakiza miezi astaafu. Tulimpa mtoto pumzi kwa ambu mpaka akawa mwekundu vizuri, mapigo 150. Nikaingia na laringoskopu. Nikaona kidakatonge. Nikaona kitu kama lango. Mate. Nikafyonza. Lango limepotea. Nikalipata tena.

Nyuma yangu nasikia, "Daktari, thelathini."

Nikasema, nimeliona.

"Arobaini na tano. Daktari, toa."

Nikasema, mama, nimeliona, nimeliona. Na nawaapia, mimi kichwani mwangu zilikuwa zimepita sekunde kumi. Mashine ilikuwa bado haijalia. Jueni kwamba kile kipimo cha mkononi kinachelewa. Kinakuonyesha oksijeni ya nyuma, si ya sasa, na mtoto akipata baridi kinachelewa zaidi. Kikilia, mtoto ameshazama zamani. Kilipolia, mapigo yalikuwa 60, na mtoto ana rangi ambayo wazazi waliopo hapa sitawaelezea.

Yule mama hakusema tena. Alinishika kiwiko akakivuta, laringoskopu ikatoka mdomoni na mkono wangu, akakaa yeye kwenye kichwa cha mtoto, akaweka kinyago, akabonyeza ambu taratibu kama mtu anayekanda unga. Mapigo yakapanda. Themanini. Mia na kumi. Mia na arobaini. Bosi alikuja baadaye akauweka mpira kwa kitambo kidogo, bila maneno. Mtoto alipona. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Alfajiri yule mama alinimiminia chai. Nilitegemea mahubiri. Akasema, "Mwanangu, siku nyingine nikisema toa, utoe." Akaendelea kunywa chai yake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kile alichokifanya mama yule, katika vyumba vyetu vingi hakiruhusiwi. Hakuna waraka uliokikataza. Kinakatazwa na macho. Muuguzi wa diploma ataanzaje kumwambia daktari toa? Mhudumu wa afya atamwambiaje mtaalamu wa usingizi muda umekwisha? Tumefundishwa heshima, na heshima ni nzuri, lakini mtoto hapumui heshima. Mimi sasa kabla sijagusa laringoskopu nasema kwa sauti, mbele ya wote: fulani, wewe ndiye mwenye kamba. Hesabu kwa sauti, kumi, ishirini, thelathini. Ukisema toa, natoa. Nikibisha, nivute mkono, na kesho sitakununia. Inachukua muda mfupi kuliko kuvaa glovu.

Mengine ni maandalizi, na mafundi mnayajua, nitayataja tu kwa sababu ndiyo yale mtu husahau saa nane usiku. Kufyonza kufanye kazi. Taa ya laringoskopu iwake kabla, si baada. Mpira wa saizi yake na wa saizi moja chini yake viwe mkononi mwa msaidizi. Kipimo cha oksijeni kiwe mkono wa kulia. Mtoto afunikwe. Kina cha mpira mdomoni ni sita kuongeza kilo zake, wa kilo moja sentimita saba, na kiandikwe kabla, maana akili ikishaingia kooni haijumlishi. Halafu pumzi ya ambu, iliyotulia, mpaka mapigo yako juu ya 100 na rangi inaridhisha, ndiyo Baba Mdogo kwenye ukingo wa mtumbwi. Mkiwa na ile mashine ya mtiririko mkubwa, na ninajua ziko hospitali chache za nchi hii zinazo, vijibomba vibaki puani. Msivitoe kwa mazoea. Msipokuwa nayo, mna ambu na mna hesabu. Mpira ukikataa, rudini kwenye ambu. Mtoto hafi kwa kukosa mpira, anakufa kwa kukosa pumzi.

Bibi pale mbele amenyoosha mkono. Karibu, bibi yangu. (Bibi mmoja wa makamo ya miaka sabini hivi, aliyekuja na mjukuu mgongoni, alisimama akasema: "Mjukuu wangu, mimi nauliza. Mbona sisi tunaona wakishamwekea mtoto oksijeni, ndiyo anakufa?" Watu wengine waliguna. Wengine waliinamisha vichwa.)

Ahsante, bibi. Msigune. Kila wodi niliyofanya kazi nimekuta mama anayechomoa mirija usiku kwa sababu ya swali hili hili, ila yeye hakupata wa kumuuliza.

Bibi, Ujiji nyumba ya mtu ikiungua, nani anaonekana pale? Watu wenye ndoo. Sasa mtu akipita kwa mbali kila siku, akaona kila nyumba inayoungua ina watu wenye ndoo, anaweza kusema wenye ndoo ndio wanaochoma nyumba. Oksijeni tunawapa walioanza kuungua. Wengine tunawahi. Wengine tumechelewa, wameletwa kwa bodaboda kutoka mbali, wamefika wa baridi, au sisi wenyewe tumechelewa na hilo nalikubali. Na miaka ile ya majenereta, kabla Kigoma haijaungwa kwenye gridi ya taifa, umeme ulikuwa unakatika na mashine ya oksijeni inazima nao, mtoto anarudi nyuma mnaona kwa macho yenu. Mkiona hayo mara tatu, nne, ni haki yenu kuogopa. Lakini huyo uliyembeba mgongoni, bibi, alilazwa siku ngapi? (Bibi alisema: "Ishirini na sita.") Na oksijeni? ("Alikuwa nayo tisa.") Basi mgeuze kidogo watu wamwone.

(Alimgeuza. Mtoto alikuwa amelala.)

Nilitaka kusema neno juu ya majirani zetu wa Tabora, na naona ishara ya dakika mbili. Tabora ni mmoja wa mikoa mitano, pamoja na Manyara, Geita, Shinyanga na Mwanza, iliyokuwa kwenye mpango wa Safer Births Bundle of Care, wa kuufanya uzazi uwe salama zaidi, hospitali na vituo vya afya 30 kwa jumla. Matokeo yalichapishwa 2025: vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na mara baada yake vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Mpira wa kooni haukuwa ndiyo habari yenyewe. Walipata vifaa bora vya kusikiliza mapigo na kupuliza hewa, ndiyo, lakini pia walikuwa wanafanya mazoezi mafupi, hapo hapo kazini, mara kwa mara, kwa mwanasesere, badala ya semina moja ya hotelini kwa mwaka. Takwimu za nchi za 2022 zinasema bado tunapoteza watoto 24 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai kabla hawajafikisha mwezi mmoja. Treni inaunganisha Kigoma na Tabora tangu 1914. Sioni kwa nini mazoezi ya dakika kumi yashindwe kupanda treni hiyo.

Ombi langu kwa mgeni rasmi limeandikwa, analo kwenye bahasha, na ni la vipimo vya oksijeni vya saizi ya mtoto, maana vya watu wazima tunavyovibana kwenye vidole vya njiti vinatudanganya. Sitalisoma.

La mwisho ni dogo. Mwezi uliopita nilipita kwenye chumba kimoja cha kujifungulia, sitakitaja. Kisafi, ambu iko mahali pake, kinyago cha saizi sifuri na cha saizi moja vyote vipo. Nikainua macho nitazame saa ya ukutani, imesimama saa nne na dakika ishirini. Nikauliza tangu lini, wakasema tangu mwezi wa Ramadhani. Sasa huyo mwenye kamba atahesabu kwa nini? Saa yenyewe si mbovu, imeishiwa betri. Leo asubuhi nikija hapa nimepitia sokoni Mwanga nikanunua, hii hapa, mbili kwa tahadhari. Mwenye chumba yuko humu ndani na anajijua. Aje anione tukishuka, kabla maandazi hayajaisha.